Shati la Fundi Bomba

Tarehe 9 Juni

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Kwanza nijulishe hali yako. Hicho chumba cha baridi mnachopangia matunda bado kinakuumiza vidole? Vaa soksi mbili, usione ushamba. Sisi huku wazima, kama mzima ni yule anayeamka. Shemeji yako anakusalimu sana. Anasema ile saa uliyomwachia haijapona, na fundi mwenyewe hajapona, kwa hiyo msubiriane.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukuta ni jina tu. Nikisema neno huku chumbani kwenye cherehani, yeye analidaka akiwa kitandani. Na haya sitaki ayasikie.

Unajua anasafishwa damu mara tatu kwa wiki pale hospitali yetu ndogo. Tunakwenda kwa miguu, ameniegemea begani, watu wanadhani ni mapenzi ya uzeeni. Akitoka kwenye mashine hana nguvu hata ya kukaa. Namlaza kwenye benchi la nje mpaka macho yamrudie, ndipo tunajikokota nyumbani. Kwa hiyo mume wangu yuko hai kwa sababu ya Mungu, na kwa sababu hospitali iko karibu. Naomba Mungu anisamehe kwa kuviweka pamoja, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tuna uchaguzi wa meya. Mmoja ni yule tunayemwita Tabasamu. Yeye ndiye aliyeleta hizo mashine za figo alipokuwa diwani, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Anasema haziendi popote. Lakini kampeni yake, mdogo wangu, inanuka. Vijana wake wanagawa sukari mlango kwa mlango na kutukana mama za watu kwenye vipaza sauti.

Wa pili ni Fundi Bomba. Unamkumbuka, yule aliyetutengenezea sinki kabla hujasafiri. Hagawi kitu. Hatukani. Kijana wake mmoja alimzomea Tabasamu mkutanoni, naye Fundi Bomba akamshusha kijana huyo jukwaani mbele ya watu akamwambia, "Hapa hatuji kwa ajili hiyo." Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu niliyekuwa naombea.

Halafu akafungua mdomo. Anasema mashine za figo zinakula fedha za mji. Akishinda zitahamishiwa hospitali kuu, na fedha hizo zitapeleka mabomba mtaa wa juu, ambako watoto wanaharisha kila mvua ikinyesha.

Hospitali kuu ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mume wangu hawezi. Nilimwangalia Fundi Bomba pale jukwaani nikaona mtu mwema anayeniua.

Niambie nifanye nini. Nasali kanisani mpaka magoti yanauma, na jibu silisikii.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 20 Juni

Kwako dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya shemeji mfikishie. Mimi mzima. Vidole vipo vyote, jana nimevihesabu. Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nikawa nasikia sauti yako kabisa, maana najua ulivyo, huandiki bila kutamka.

Dada, nisikilize mdogo wako. Huku nilipo tuna meneja aliyechaguliwa na wafanyakazi kwa sababu aliahidi kupandisha mishahara. Tulijua ni mwongo, tukasema potelea mbali, ni mwongo wetu. Sasa hata glavu tunanunua wenyewe. Mtu anayedanganya wakati anakuomba atakufanyaje akishapata?

Tabasamu leo anakuambia mashine zinabaki. Na mtaa wa juu amewaambia nini? Mchague Fundi Bomba. Mtu mkweli unaweza kumwendea ukamweleza, akakuelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli hata nikichapwa. Au umesahau fimbo yako ya mpera?

Mungu hawezi kukuacha kwa kuchagua haki.

Mdogo wako


Tarehe 1 Julai

Kwako mdogo wangu,

Natumaini u mzima na glavu umepata. Huku hatujambo, ingawa shemeji yako miguu imemvimba kidogo.

Barua yako ilinikasirisha, sikufichi. Kusifu ukweli ukiwa mbali hakumgharimu mtu kitu. Wewe hulazi mtu kwenye benchi. Lakini uliposema mtu mkweli unaweza kumwendea, hilo nililichukua.

Nilimshonea shati.

Usicheke. Nilikuwa na kitambaa kizuri cha bluu nilichokiweka kwa ajili ya shemeji yako. Nikasema, mtu haendi kuomba mikono mitupu. Sikumpima, nilimpima kwa macho pale jukwaani, na macho yangu unayajua kwenye kola. Nikalipiga pasi, nikalifunga kwa karatasi, nikavaa gauni langu lile la kitambaa ulichonitumia, nikaenda kwenye karakana yake mchana kweupe.

Nikamkuta anachonga nyuzi za kufungia kwenye bomba. Akanifutia kiti kwa kitambaa, akaniita mama. Nikamweleza yote, mpaka benchi. Alisikiliza bila kutazama simu. Mwisho nikasema, "Mwanangu, hizo mashine ziache."

Akaweka bomba chini. Kisha akasema, "Mama, nitazihamisha. Ningeweza kukwambia nitafikiria, ukaenda nyumbani umefurahi. Lakini nimeshafikiria. Kule juu mwaka jana walizika watoto kwa sababu ya maji."

Nikampa shati. Akalifungua, akalipima kifuani, likamkaa kama limezaliwa naye. Akaguswa, nilimwona. Halafu akalikunja vizuri, mkunjo kwa mkunjo, akalirudisha kwenye karatasi yake. Akanisindikiza hadi nje, akaniwekea mkononi. "Nikiwa mgombea siwezi kulipokea. Uchaguzi ukipita, nishinde nishindwe, nitakuja kulinunua."

Nikarudi na shati langu na aibu yangu. Njiani ndipo nikaelewa nilichofanya. Mimi ninayemsema Tabasamu kwa sukari yake, nilikwenda kuhonga mtu kwa shati. Na aliyenihurumia ni yeye niliyetaka kumhonga.

Ungenisikia nilivyoomba usiku ule, ungedhani nimefiwa.

Dada yako


Tarehe 14 Julai

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, salamu nyingine zitafuata.

Jana kwenye bweni kijana mmoja wa kwetu alikuwa anaonyesha picha kwenye simu. Ametumiwa na ndugu zake, imezunguka mji mzima. Fundi Bomba amesimama mlangoni pa karakana, anamwekea mwanamke kifurushi mkononi. Chini wameandika kwamba mgombea msafi amenaswa ananunua kura. Mwanamke amegeuka, sura haionekani, unaonekana mgongo tu.

Dada, ule mgongo una ndege miguu juu.

Nakumbuka ulivyoniambia kitambaa kilipungua, ukakata kipande cha nyuma kichwa chini, nikakucheka kwamba ndege wako wanaruka kwa mgongo. Dunia nzima gauni hilo ni moja.

Sikusema kitu bwenini. Kijana anasema Fundi Bomba amekwisha, kura zinamkimbia kama maji.

Sasa nakwambia kama ndugu, na futa yale niliyoandika kwanza. Nyamaza. Usiseme neno. Hukupiga picha wewe, hukuandika uongo wewe. Mungu amekufungulia mlango ambao hukuusukuma. Tabasamu akishinda mashine zinabaki na shemeji anabaki. Gauni lifiche chini ya sanduku, au lichome kabisa.

Ukisema, utakuwa umemchagua Fundi Bomba mara mia. Nafahamu nilivyosema kuhusu haki. Nilikuwa sijaiona picha.

Nakuomba, dada.

Mdogo wako


Tarehe 24 Julai

Kwako mdogo wangu,

Nashukuru kwa barua, nashukuru hata kwa woga wako, maana ni wa kunipenda.

Picha niliiona kabla yako. Niliiona kwa jirani nikiwa na sindano mdomoni, kidogo niimeze. Mlango uliousema, na mimi niliuona. Siku nzima nilijiambia ni Mungu. Lakini mlango wa Mungu, mdogo wangu, haufungukii uongo. Jioni nikapiga magoti nikashindwa kuanza hata "Baba yetu".

Juzi mkutanoni walimuuliza Fundi Bomba, "Mtaje huyo mwanamke kama huna la kuficha." Akajibu, "Ni mtu aliyekuja kwangu na shida yake. Jina lake si langu kulitaja." Wakamrushia chupa za maji. Moja ilimpata sikioni. Mdogo wangu, alinijua. Nilikuwa nimesimama safu ya tatu, macho yetu yakakutana, akayaondoa haraka ili watu wasifuate anakotazama.

Angenitaja ningemchukia, ningekuwa na raha.

Nimekaa na hilo nikiwa nashona suruali za shule, nimeshona mguu mmoja mara mbili. Nikisema kweli, ninamweka madarakani mtu atakayempakia mume wangu kwenye mabasi. Nikinyamaza, mume wangu anaishi, na mimi nitakuwa ninaomba kwa Mungu gani?

Sasa sikiliza kichekesho. Leo asubuhi nikimkanda miguu, shemeji yako akaniambia, "Lile shati la bluu, lilikuwa kitambaa changu au cha nani?" Nikaacha kukanda. Akasema, "Mke wangu, unaandika barua kwa sauti. Nimezisikia zote tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nasubiri tu ufike kwenye sehemu yangu."

Nikalia kama mtoto. Akaniacha nikalia. Kisha akasema, "Nimetengeneza saa maisha yangu yote. Mteja hayupo, ungeweza kumwekea kifaa kibovu asijue. Mimi nilijua. Sasa ukininunulia siku kwa jina la yule kijana, nitalala pale kwenye mashine nikisikia zinavyogonga, na nitajua."

Nikamwambia, "Na ukifa?"

Akasema, "Hilo nilikuwa nalo kabla ya uchaguzi."

Jumamosi kuna mkutano wa mwisho, uwanja wa shule. Si siku yake ya mashine. Gauni nimelipiga pasi. Sijui kama miguu itanipeleka. Usinipigie simu, sauti yako itanirudisha nyuma.

Dada yako


Tarehe 6 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesikia Fundi Bomba ameshinda, kwa kura chache. Watu wa bwenini wanasimulia habari ya mama mmoja aliyewageuzia mgongo. Wanacheka, na mimi nacheka nao, kisha naenda chooni kukaa peke yangu.

Simu hupokei. Shemeji yuko? Andika hata mstari mmoja. Ukinikasirikia kwa ile ya kunyamaza, nikasirikie kwa maandishi.

Mdogo wako


Tarehe 30 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Nisamehe kimya. Shemeji yako yupo, anakusalimu, na sasa naandika kwa sauti makusudi ili anisahihishe.

Siku ile ya mkutano tulikwenda wote wawili polepole. Nikaomba kipaza sauti. Vijana wa Tabasamu wakaanza, "Mama, kashone huko, umelipwa nini?" Sikuwa na maneno mazuri. Nikasema, "Mwanamke wa kwenye picha ni mimi. Anayebisha atazame ndege." Nikawageuzia mgongo. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nimesimama pale nimewapa kisogo, machozi yananitoka hayaonekani. Angalau gauni lilinisaidia hilo.

Nikasema nilikwenda kumhonga kwa shati akalirudisha. Mtu akapaza sauti, "Tutajuaje kama lilikuwa shati?" Nikalitoa kwenye karatasi. Fundi Bomba akavua koti, akalivaa shati mbele ya watu, akafunga kifungo cha kola. Lilimkaa. Hata wabishi wanajua shati la kukaa hivyo halinunuliwi dukani. Kisha akalivua, akalikunja, akanirudishia mara ya pili.

Yule mke wa dereva, tunayekaa naye benchi moja hospitalini, mumewe naye yuko kwenye mashine, alinisubiri getini. Akasema, "Wewe umesema kweli yako. Mimi nikamwambie nini mume wangu?"  Tangu siku hiyo anakaa mwisho wa benchi na kikapu chake kati yetu.

Sasa nikwambie jambo ambalo mtaa haulijui. Siku ya kupiga kura nilimpa Tabasamu.

Ndiyo. Jina la mtu halikuwa langu kulichafua, nikalisafisha. Lakini kura ilikuwa yangu, na mume ni wangu. Niliomba kabla ya kutia alama. Fundi Bomba akashinda hata hivyo, kwa watu waliorudi kwake baada ya ule mgongo wangu.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani, meya sasa, peke yake kwa miguu. Nikampa maji. Nikamwambia, "Sikukuchagua." Akasema, "Kura haikuwa sehemu ya shati, mama." Nikapiga magoti kwenye sakafu yangu mwenyewe, nikamwambia nipe mwaka mmoja. Akashuka naye chini, tukawa wote tumepiga magoti kama wanaotafuta sindano. Akasema, "Nikikupa wewe mwaka, nitapanda juu nikamwambie mama gani asubiri?" Nikamwomba basi gari la kuwapeleka wagonjwa. Akasema ataomba kwenye baraza, haahidi.

Mdogo wangu, maisha yangu yote sikuwahi kumwomba Mungu amfanye mtu awe mwongo. Siku ile nilitamani. Anidanganye tu, nilale.

Akatoa pochi anunue shati. Shemeji yako akatokea ndani amelivaa. Mikono imemfunika vidole, mabega yamemning'inia, akasimama kama mtoto aliyevaa la baba yake. Akasema, "Bwana meya, umechelewa. Limepata mtu."

Fundi Bomba alicheka, kisha akashindwa kucheka.

Alipoondoka nililipunguza limkae.

Dada yako


Tarehe 12 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimesikia mashine zimehamishwa. Gari limepatikana? Kuna mabasi ya asubuhi? Shemeji anavumilia? Naomba ruhusa kazini, wananiambia subiri msimu wa matunda uishe. Niandikie.

Mdogo wako


Tarehe 17 Januari

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Nijulishe hali ya vidole vyako. Huku tunaamka bado.

Gari halijapatikana. Baraza limekaa mara kadhaa, meya amelia nalo, wenzake wanasema mwakani. Hadanganyi, kila akitoka kikaoni ananiletea mwenyewe habari mbaya mpaka mlangoni. Tunakwenda kwa mabasi. Kurudi, shemeji yako analala begani kwangu, na nikishuka naomba watu wanisaidie kumbeba kama mzigo wa thamani.

Yule dereva alikata shauri akaacha kwenda. Alisema safari inamtesa kuliko ugonjwa. Tumemzika. Mkewe nilimpa mkono, akautazama, hakuupokea. Nikaurudisha. Ana haki yake.

Na mtaa wa juu bomba la kwanza limetoa maji. Nilikwenda kuona, nilijilazimisha. Watoto walikuwa wanarushiana, wamelowa, wanapiga kelele. Nikasimama nikajaribu kumshukuru Mungu. Nilifika katikati ya sala. Mwisho wake bado nautafuta, na nitaendelea kuutafuta.

Shemeji yako anauliza kama siku ile pale kwenye cherehani ningejua haya yote, ningelishona lile shati. Nimemwambia alale.

Hataki kuvaa jingine safarini. Jana nimelipunguza tena, mabegani na ubavuni, hii ni mara ya nne. Lakini sikati, mdogo wangu. Sijakata hata uzi mmoja. Kinachozidi nakikunja ndani na kukipitishia mshono mwepesi wa kufumua, ili akinenepa nimfungulie. Sasa shati kwa ndani limekuwa zito kuliko kwa nje, na mwenyewe analalamika linamkwaruza.

Namwambia avumilie. Kitambaa chake chote kimo humo.

Ni mimi,
Dada yako